Mzungu Aliyetolewa Mahari

Mke wangu wa pili ni wa udongo wa kuchoma, na mahari niliyomtolea ilikuwa Mzungu wa mawe. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu tuendelee, maana ndani ya habari hii kuna kazi ya kujifunza.

Nyinyi vijana mnaoanza kunyanyua vitu vizito hapa Kampala mnaniona nikipita na fimbo, mnaambizana kwamba mzee Olanya zamani alikuwa fundi. Nilikuwa kweli. Nilizaliwa kwenye nyumba za polisi pale Kibuli, baba yangu akiwa koplo kutoka kaskazini, na Kiswahili ndicho tulichochezea na kugombania. Maisha yangu yote nilifunga mizigo kwa mikanda na minyororo, kisha nikasimama mbele ya kreni na kumwonyesha dereva kwa mikono aupeleke wapi. Nimeshusha matangi, jenereta, makasha ya chuma, na mara moja ng'ombe aliyepanda ngazi za ghorofa mwenyewe akakataa kuteremka. Huyo ng'ombe tutamwacha.

Aliyenifundisha ni Hajji Ramadhani, Mnubi wa Kibuli, mtu mnene mwenye sauti ndogo sana. Siku tatu za kwanza hakuniruhusu kugusa hata kamba. Alinisimamisha uani nimpigie ishara yeye, naye akajifanya kreni. Kidole chini kikizunguka, mzigo unashuka. Kidole juu kikizunguka, mzigo unapanda. Kidole kikitulia, mzigo unatulia. Hajji alikuwa akichuchumaa na kuinuka kwa kufuata kidole changu, jasho likimtoka, na nikikosea alibaki amechuchumaa mpaka nirekebishe.

"Dereva haoni mzigo," aliniambia. "Anakuona wewe. Mkono wako ndio mdomo wako. Usiropoke."

Niliropoka mara moja tu, na itanitosha. Kanisa moja, sitalitaja, lilikuwa linapandisha kengele mpya, na nyuma ya ukuta wapishi walikuwa wameandaa sufuria kubwa la matoke la kumkaribisha askofu. Kengele ikiwa hewani, nzi akatua puani mwangu. Nikampunga. Dereva akaona mkono umekwenda kushoto, naye akaipeleka kengele kushoto, ikavuka ukuta. Nikashtuka, nikawaelekezea wapishi kidole wakimbie, na kidole chenyewe kikaelekea chini. Dereva akakiona. Kengele ikashuka taratibu, kwa heshima zote, ndani ya matoke. Askofu alikula mkate. Hajji hakunigombeza, aliniuliza tu yule nzi alipata leseni ya kreni mwaka gani.

Jambo la pili alilonifundisha nililidharau kwa miaka mingi. Alikuwa akiuzunguka mzigo, mikono nyuma, kama mtu anayetembelea mgonjwa. "Kabla hujanyanyua kitu," alisema, "kiulize kinapenda kukaaje." Nilidhani ni uzee. Kumbe ilikuwa kazi.

Sasa nije kwenye mkono. Mwaka wangu wa mwisho kazini, mkono wangu wa kulia ulianza kuropoka wenyewe. Ulianza kwa kidole gumba, ukaenda kwenye kiganja, na kufika msimu wa mvua nilikuwa siwezi kumwaga chai bila kuosha meza. Niliuficha. Nilivaa glavu kubwa ya ngozi. Nilishika fimbo. Nikisalimiana na watu nilitoa mkono wa kushoto na kusema wa kulia una grisi. Niliona aibu, vijana, aibu ya kweli, kwa sababu mtu wa kazi yangu mwenye mkono unaotetemeka ni sawa na mwalimu aliyesahau kusoma. Niliapa kwamba nitamaliza kazi yangu ya mwisho kwa mkono huohuo, halafu niende nyumbani na jina langu likiwa zima.

Kazi yenyewe ya mwisho ndiyo hii. Pale kwenye mzunguko wa barabara mnaoujua alikuwepo Mzungu wa mawe, amesimama juu ya nguzo ndefu mara tatu ya mtu, mkono kiunoni, sharubu zimekatika upande mmoja. Nani alikuwa, hakuna aliyejua. Kibao chake cha shaba kilikwisha kung'olewa na wauza vyuma chakavu kitambo. Waendesha boda waliokaa chini yake waliita mahali pale Steji ya Mzungu. Wengine walisema alikuwa gavana, wengine walisema daktari wa meno. Kaloli, yale makorongo yetu yanayokula takataka, yalimkalia kichwani kwa zamu.

Ofisi moja ya mjini, ambayo pia sitaitaja, ikaamua Mzungu ashuke na nafasi yake apewe mama wa kale wa udongo. Huyu mama alikuwa kwenye kijiji kimoja ng'ambo ya Bwaise, juu kwenye barabara ya Bombo. Ni mwanamke aliyeketi, mikono juu ya magoti, shingo ndefu, ukubwa wa binti wa miaka kumi. Wataalamu walikuja na mashine zao wakasema ni wa zamani kuliko kumbukumbu yoyote iliyoandikwa. Ukoo uliomtunza ulimwita Mukyala, na neno hilo kwa Kiganda ni bibi mheshimiwa, na ni mke pia. Shikeni hapo, mtalihitaji.

Kumshusha Mzungu kulikuwa rahisi. Dereva wangu alikuwa Kasozi, niliyefanya kazi naye miaka mingi, na gari letu lilikuwa lori lenye mkono wa kreni nyuma ya kabini. Tulimlaza Mzungu kwenye lori, tukampeleka stoo, na stoo wakamkataa. Fomu ilikuwa na sehemu inayosema: sanamu ya nani.

"Haijulikani," nikasema.

"Basi mimi siwezi kupokea mtu haijulikani," akajibu mwenye stoo. "Nyinyi nataka mimi nifungwe?"

Mzungu akalala kwenye lori. Asubuhi tukaenda naye kumchukua Mukyala, maana tulikuwa na lori moja tu, na mgeni rasmi alikuwa anakuja saa kumi jioni siku hiyohiyo.

Hapa ndipo pa kujifunza juu ya ndimi. Mratibu wa shughuli, kijana msomi kutoka West Nile, hakujua Kiganda. Msemaji wa ukoo alikuwa mzee aliyestaafu jeshini, wote wakimwita Sajini, na Sajini aliamini kwamba mambo ya serikali huongewa kwa Kiswahili tu, hata na Mganda mwenzake. Wakaongea kwa simu. Mratibu akamwambia: "Mahali yake iko tayari. Mzuri sana. Hata wakubwa watakuja kuiona." Alimaanisha nguzo. Lakini Mganda wa kijijini, l na r kwake ni mtoto mmoja mwenye majina mawili, na mahali na mahari humtoka mdomoni kwa sauti moja. Sajini alielewa kwamba serikali inaoa.

Tulipofika tukakuta turubai limefungwa, mikeka imetandikwa, wanawake wamevaa busuti, yale magauni yao ya sherehe, na sufuria zinachemka. Nikafurahi. Nilidhani ni ukarimu. Sajini, aliyenipigia simu saa moja kabla kunielekeza njia, alisimama mbele yangu akauliza, "Nyinyi nani? Hapa nakuja kutafuta nini?" Nikatoa barua yenye mhuri. Watu wote wakacheka na kupiga makofi, wakidhani najua mchezo wa kwao wa kujitambulisha ukweni, ambapo wenyeji hujifanya hawawajui wageni.

"Kalibuni, kaeni," akasema Sajini. Tukaketi kwenye mikeka. "Sasa. Mahali iko wapi?"

"Iko mjini, mzee," nikajibu.

"Mumeacha mjini?"

"Ndiyo. Kwenye mzunguko. Jana tumeisafisha vizuri."

"Mumeacha mahali kwa balabala? Nani nalinda?"

"Halindi mtu. Nani ataiba mahali?"

Wazee wakanong'onezana. Sajini akavuta pumzi ya jeshi. "Sisi nataka kuona mahali hapa hapa, kwa macho yetu, mbere ya msichana kutoka."

"Mzee, mahali haibebeki. Yeye ndiye atapelekwa mahali."

"Yaani nyinyi nataka kuchukua msichana kwanza, mahali baadaye?"

Wanawake wakaguna kwa pamoja. Mama mmoja akaanza kukunja mkeka niliokalia nikiwa bado juu yake. Nyuma yangu nikasikia mtu anakwama kwa kicheko, ni Kasozi, ambaye ni Mganda na alikuwa ameelewa dakika tano kabla yangu lakini akaona avumilie kidogo afaidi. Akaninong'oneza, "Mzee, hao nasema mahali ya kuoa. Ya ng'ombe na mbuzi."

Nikampigia Mratibu. "Wanataka mahari," nikasema.

"Mahali si ipo?"

"Mahari! Na r!"

"Waambie iko kwenye mchoro, ukurasa wa pili," akasema, na mtandao ukakatika.

Kwenye lori tulikuwa na mikanda, tairi moja kuukuu, toroli na mfuko wa saruji. Nilikuwa natafakari kutoa toroli, na nasema kweli, wakati watoto walipofunua turubai la lori wakapiga kelele. Sajini akaenda kuchungulia. Akaona uso, sharubu nusu, mkono kiunoni.

"Na huyu?"

"Huyo ndiye alikuwa anakaa pale atakapokaa Mukyala," Kasozi akasema.

"Mumemfukuza?"

"Tumemshusha jana."

"Na mumemfunga kamba? Mumeleta mpaka hapa kwetu?" Sajini akazunguka lori mara mbili. Alipogeuka macho yake yalikuwa na machozi. "Babu yangu alibebea mzungu kama huyu sanduku, miguu ikavimba mpaka akakufa. Leo mimi naletewa mmoja nyumbani." Akawageukia wazee. "Banange, hii ndiyo mahali!"

Vigelegele vikapasua anga. Tukamshusha Mzungu kando ya zizi la mbuzi. Sajini akajaza ile fomu ya stoo kwa kalamu yangu. Penye amepokelewa na, akaandika jina lake na cheo. Penye sanamu ya nani, akafikiri kidogo, akaandika: Mahali. Kwa hiyo mkitaka kujua jina la Mzungu yule kiserikali, ndilo hilo.

Lakini shughuli ya kuoa haikamiliki bila bwana. Sajini akauliza nani anaoa. Kasozi akasema ana wake wawili na wote wanamtosha. Wakanitazama mimi, mgane wa miaka sita, na mimi nikasema nimekuja kwa niaba ya jiji.

"Jiji haina mkono," akasema Sajini. "Wewe iko na mkono."

Laiti angejua ni mkono gani. Wakanivua ovaroli, wakanivisha kanzu nyeupe ya mikono mipana na koti juu yake. Kumbukeni hiyo kanzu. Na mara tu niliposema ndiyo, wanawake wakapiga ukemi, na bibi mmoja mwembamba aliyekuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu akajifunika shuka usoni na kukimbilia nyuma ya nyumba kwa kasi ambayo sikuitarajia kwenye magoti yale.

Huyo alikuwa Nnalongo, dada yake Sajini. Ndiye aliyemwosha Mukyala tangu utoto wake, akimfukuzia kuku, akimfunika wakati wa mvua ya mawe. Ikiwa Mukyala ni binti wa nyumba ile, basi Nnalongo ndiye mama. Na ikiwa mimi ni mume, basi yeye ni mama mkwe wangu, na kwa Waganda mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani, hawatazamani na kamwe hawagusani. Wakigusana huja ugonjwa uitwao buko. Mnajua buko unamfanyaje mtu? Unamtetemesha mikono.

Nikaificha mikono ndani ya kanzu yangu.

Shida ni kwamba Nnalongo ndiye peke yake aliyejua Mukyala afungwe vipi. Akawa anapiga kelele kutoka nyuma ya nyumba, kwa Kiganda, nami nakitafsiri hapa. "Mwambieni mkwe asimfunge kwapani! Mwambieni asimguse shingo!" Kasozi alisimama kwenye kona ya nyumba akipokea na kutoa. Ndipo nikamkumbuka Hajji. Nikamzunguka yule mama wa udongo, mikono nyuma, nikamuuliza anapenda kukaaje. Anapenda kukaa, basi. Alikuwa ameketi tangu kuumbwa kwake. Kwa hiyo sikumning'iniza. Nilichukua tairi kuukuu, nikalijaza majani makavu ya mgomba, tukamkalisha ndani, na mikanda nikaifunga kwenye tairi, si kwenye mwili wake. Vijana, hilo lichukueni. Kitu chenye shingo usikivute kwa juu, kipe kiti.

Nnalongo alikataa kubaki. Akapanda kabini na Kasozi, shuka kichwani, na mimi nikakaa nyuma na bibi harusi wangu, ambaye walikuwa wamemvisha busuti ya rangi ya chungwa. Katikati yetu na mama mkwe kulikuwa na kidirisha kidogo cha nyuma ya kabini, kimezibwa kwa kanga.

Mvua ikatukuta Bwaise. Nyinyi mnaijua Bwaise ikinyesha. Maji yalipanda mpaka nusu ya magurudumu, lori likazimika, na Kasozi akashuka na suruali mkononi kutafuta watu wa kusukuma. Muuza chapati aliyekuwa amepandisha jiko lake juu ya meza akanipigia kelele, "Hongera bwana harusi! Mwanamke yako natulia sana!" Nikamshukuru. Ningefanya nini.

Kanga ikasogea kidogo. Mkono ukaweka kikombe cha chai ya chupa, na kisahani chake, kwenye ukingo wa kidirisha, ukarudi haraka. Nikakichukua. Kikaanza kugonga kisahani, kle kle kle kle, na hata mvua haikuweza kukifunika.

"Kikombe chako kinaongea," akasema Nnalongo kutoka upande wa pili.

"Ni lori, mama."

"Lori limezimika."

Kisha akasema neno ambalo nadhani asingelisema kwa mtu anayemwona uso. Alipokuwa binti, alipanda mabegani mwa Mukyala achume fenesi, na kichwa kikang'oka. Akalia mpaka akaishiwa, kisha akakirudisha kwa ulimbo wa lile fenesi na udongo kidogo, akampaka majivu. Hakumwambia mtu. Wale wataalamu walipokuja na mashine zao waliandika kwamba watu wa kale walikuwa na gundi ya ajabu shingoni, ambayo dunia imeisahau.

"Maisha yangu yote naogopa siku atakaposogezwa," akasema. "Akivunjika leo, nimemvunja mimi. Na wewe? Tangu lini?"

"Mwaka huu, mama."

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Basi mshushe polepole," akasema, akaifunga kanga.

Tulifika saa tisa na nusu. Mratibu alikuwa ameshakonda. Nguzo ilikuwa ileile ndefu ya Mzungu, hakuna aliyekuwa amefikiri kuikata, na hewani juu yake kaloli mmoja alizunguka akisubiri nafasi. Waendesha boda walijaa, kwa kuwa walitaka kujua steji yao sasa itaitwaje. Wawili kati yao wakaombwa washike shuka kama ukuta, na nyuma ya ukuta huo Nnalongo akasimama, hatua chache kutoka kwangu, asinione nami nisimwone. Nikataka kuvua kanzu. Mratibu akanikataza, akasema ndiyo utamaduni wenyewe na wapiga picha wameipenda.

Kasozi akamnyanyua Mukyala na tairi lake. Akapanda vizuri, busuti ikipepea, mpaka akawa usawa wa kilele cha nguzo, kando yake. Nikatuliza kidole ili asimame pale kwanza apunguze kuyumba. Kidole hakikutulia. Kilizunguka chenyewe. Mukyala akashuka kidogo, akakwama, akapanda, akashuka tena kwa ghafla, na kichwa chake kikatikisika. Nikashika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na yote miwili ikatetemeka. Kasozi akasimamisha kreni, akatoa kichwa.

"Mzee!" akapiga kelele mbele ya watu wote. "Unasema shusha, au unasema simama? Mimi siku zote nasoma kiwiko yako! Leo kiwiko iko ndani ya kanzu!"

Kumbe alijua. Mwaka mzima alijua. Kiwiko hakitetemeki, na yeye alikuwa ameacha kutazama mkono wangu akawa anatazama kiwiko, bila kuniambia, asinitie aibu. Nilisimama pale na kanzu yangu, jina langu likimwagika mbele ya waendesha boda, na Mukyala akining'inia na shingo yake ya fenesi. Sijawahi kuogopa vile maishani.

Shuka ikaanguka. Nnalongo akatoka, uso wazi, akanijia moja kwa moja na kunikamata kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili.

Watu wakapiga ukemi. "Nnalongo! Buko! Utamwambukiza buko!"

"Buko anao tayari," akasema, bila kugeuka. "Ugonjwa mmoja utamshika mara ngapi?"

Mkono wangu ukatulia. Mikono yake ilikuwa migumu, ya mtu aliyelima na kuosha udongo miaka yote. Kidole kikasimama, na juu kule Mukyala akasimama. Nikasubiri ayumbe kidogo kidogo mpaka atulie, nikajiandaa kumwonyesha Kasozi asogeze mkono wa kreni kulia, juu ya nguzo. Lakini Nnalongo hakuuachilia. Aliugeuza mkono wangu, akaelekeza kidole changu ardhini, na akaanza kukizungusha yeye.

"Mama, nguzo iko kulia," nikanong'ona.

"Hajawahi kukaa juu," akasema. "Hakuna aliyemuuliza."

Kasozi aliona kidole kinazunguka chini, safi, bila kutetemeka. Akatii. Mukyala akashuka kando ya nguzo, mbele ya macho ya Mratibu aliyekuwa anapunga karatasi kwa ishara ambazo hazimo kwenye kreni yoyote. Akashuka mpaka usawa wa vifua vyetu, magoti yetu, na tairi likagusa nyasi. Sauti ndogo ikasikika, tk. Nnalongo akaniachia, akaenda kumpapasa shingo pande zote, taratibu. Ilikuwa imeshika. Kisha akakaa chini kando yake kwenye nyasi na kuanza kulia, na mimi nikalia pia, na Kasozi akasema ni moshi wa injini.

Mgeni rasmi alikuwa ameshashuka kwenye gari. Hotuba yake ilikuwa imeandikwa tayari, nayo ilisema inueni macho yenu mumtazame mama yetu. Umati mzima ukainua macho kwenye kilele cha nguzo. Kaloli alikuwa ametua. Wakapiga makofi, kaloli akajikuna, na mambo yakaendelea kama yalivyopangwa. Kumhamisha Mukyala tena kulihitaji fomu, na kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya sababu, na hakuna aliyetaka kuijaza. Ndiyo maana mpaka leo nguzo iko tupu na yeye ameketi chini kando yake, mnapokula chakula chenu cha mchana mkimwegemea magoti. Steji inaitwa Kwa Mkwe.

Sasa mkono. Mkono wako ukianza kuropoka, usivae glavu. Mwambie dereva wako siku ileile. Inawezekana anajua tayari, na anakutazama kiwiko.

Kila mara nafasi ikipatikana napanda kwenda ukweni, kama inavyompasa mkwe. Mzungu amelala kando ya zizi, mbuzi wamefungwa kwenye kiatu chake, na Sajini humkalia tumboni akisikiliza redio. Nnalongo hakimbilii tena nyuma ya nyumba. Anasema mwiko tulishauvunja, tumeuvunja. Tunakaa kwenye mkeka mmoja, analeta chai, na siku hizi mikono yake nayo imeanza.

"Buko," huniambia, akitazama vikombe vyetu viwili vikigonga visahani.

"Umri, mama," namjibu.

"Buko," anasema, na anacheka mpaka chai inamwagika, nami namwongezea kutoka kwenye birika, nikilishika kwa mikono miwili, na yeye akinishika vifundo.